Orodha ya Salfa na Kitufe cha Sitisha

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, kwa hiyo hasira zangu hazijawahi kulala njaa. Nina kibanda cha steshenari Nachingwea mjini. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nawachapia watu barua za kuomba kazi, na katikati ya hayo naandika programu kwa anayezitaka. Wanaozitaka si wengi. Msimu ule chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, upande wa Ruangwa, kilitaka programu ya kuhakiki orodha ya wanachama wanaostahili kupewa salfa.

Asiyelima korosho nimweleze kwa kifupi. Salfa ni unga wa njano unaopuliziwa mikorosho inapotoa maua. Ukichelewa, ugonjwa wa ubwiri unayavaa maua, yanakuwa kama yamemwagiwa majivu, halafu yanapukutika, na wewe unabaki na kivuli. Mama yangu ni mwanachama wa chama hicho na mikorosho yake iko nyumbani Likunja, si mbali na Ruangwa. Mwaka uliotangulia salfa ilimfikia maua yakiwa yamekwisha, kwa sababu orodha ilikuwa na majina yaliyojirudia, watu wakagombana wiki nzima, na gari la salfa likasubiri mpaka likaondoka. Alipita chini ya mikorosho yake akiokota korosho za kuhesabika. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Kwa hiyo nilipopewa kazi hii niliapa kwamba mwaka huu mama atapata salfa kwa wakati, tena kwa mkono wangu.

Programu yenyewe ilikuwa inachukua majina kutoka vijijini na kulinganisha kila jina na majina mengine yote, ili aliyejiandikisha mara mbili aonekane. Inasikika rahisi. Lakini kwetu mjukuu hupewa jina la babu yake, na babu mmoja huwa na wajukuu wengi, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu kumi na moja wenye majina yote matatu sawasawa, wote wakulima, wote na mikorosho, na wote wakali. Ilibidi programu iangalie umri, kitongoji, idadi ya miti, na nani alikuwa jirani ya nani. Niliijaribu kwanza na orodha ya chama kidogo cha Mtua. Ilimaliza kabla sijaondoa kidole kwenye mausi. Nikajisifu mbele ya watu, nikapanda gari kwenda Ruangwa nimevaa shati lililopigwa pasi.

Ofisi ya chama ni chumba kimoja kilichobanana na ghala. Mwenye ofisi ni mama katibu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole ambayo haijawahi kubadilika hata pale alipostahili kupiga kelele. Pembeni ya meza yake kuna benchi, na kwenye benchi anakaa mzee mmoja mjumbe wa bodi. Anafika asubuhi, anaondoka jioni, na kazi yake hasa sikuwahi kuielewa. Siku ile ya kwanza niliweka orodha ya Ruangwa, kubwa mara nyingi kuliko ile ya Mtua, kwenye kompyuta mpakato ya chama ambayo nayo ilikuwa imeshakula chumvi. Nikamwambia mama katibu abonyeze Anza, nikatoka kwenda kunywa chai.

Niliporudi nilikuta watu wamejaa mlangoni kama kuna mgonjwa ndani. Dirisha la programu lilikuwa limekuwa jeupe, limeganda, na juu yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza.

"Fundi, hapa imeandikwa nini?" akauliza mama katibu.

"Imeandikwa haijibu."

"Haijibu? Tumeikosea nini?"

Nikamwambia inafanya kazi, ipo, ina shughuli tu ndani. Mzee mjumbe akainuka kwenye benchi, akasogea, akagonga kioo cha kompyuta kwa kifundo cha kidole mara tatu. "Hodi humo!" Akasubiri, akainamisha sikio. Kisha akawageukia watu. "Wamo. Nyumba ikiwa haina mtu, hodi inarudi nyepesi. Hii nzito."

Mwingine akasema inatoa joto, ina homa. Mama katibu akachukua daftari la mahudhurio akaanza kuipepea. Baada ya dakika arobaini hivi weupe ukaondoka, orodha ikatokea, watu wakashangilia, na mimi nikavimba kichwa. Halafu, kabla sijaichapa, dirisha likawa jeupe tena.

"Mama katibu, ulibonyeza Anza mara ngapi?"

"Ile ya kwanza uliyoniambia. Na nyingine nilipoona haijibu. Mtu ukipiga hodi usipoitikiwa, si unarudia?"

Alikuwa amerudia mara tisa. Yale mabonyezo hayakupotea. Yalikuwa yamepanga foleni mlangoni kwa adabu, na kila moja lilipopata zamu yake liliianzisha kazi upya na kuifuta orodha iliyokwisha. Nikazima kompyuta kwa kuchomoa waya na betri. Mzee mjumbe akashika kichwa.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la kizembe. Programu yenye dirisha huwa na mfanyakazi mmoja wa mlangoni. Yeye ndiye anayechora dirisha, yeye ndiye anayesikia kitufe kikibonyezwa, yeye ndiye anayeitikia. Mimi nilikuwa nimempa mfanyakazi huyo huyo na kazi ya kulinganisha majina yote. Ni sawa na mama katibu aende mwenyewe ghalani kupanga mifuko na kuacha ofisi wazi. Wageni watapiga hodi mpaka wachoke, watadhani amekufa, kumbe anahesabu mifuko. Mtua sikuliona kosa hilo kwa sababu kule mfanyakazi wangu alikwenda ghalani na kurudi kabla mtu hajafika mlangoni.

Dawa yake inajulikana. Unaweka mtu wa pili nyuma, sisi mafundi tunamwita uzi, kazi nzito unampa huyo, na wa mlangoni anabaki mlangoni. Wa nyuma haruhusiwi kuligusa dirisha. Anampelekea wa mbele habari, kidogo kidogo, na wa mbele ndiye anayewaambia watu. Niliyaandika hayo jioni ile nikiwa gesti pale pale Ruangwa. Nikaongeza mstari wa kijani unaotembea, nikaongeza sehemu inayoonyesha jina linaloshughulikiwa sasa hivi, kitufe cha Anza nikakizima mpaka kazi iishe, na kwa kuwa mafundi wazuri hawamfungi mtu ndani ya kazi asiyoitaka, nikaweka kitufe cha Sitisha. Mama alipiga simu mara mbili nikiwa katikati ya hayo. Niliikata, nikamtumia ujumbe kwamba nipo kazini, nikimaliza nitakuja nyumbani.

Siku ya pili gari la salfa likafika. Lori limejaa, turubai juu, na dereva wake alikuwa mtu mzima mwenye kofia aliyeshuka akauliza orodha iko wapi. Sheria yao ilikuwa moja: bila orodha iliyohakikiwa na kuchapwa haushuki hata mfuko mmoja. Alikuwa na ratiba mkononi. Leo na kesho yupo hapa, kesho alasiri anaondoka kwenda Nanganga na mzigo wote uliobaki, na kurudi tena alisema yeye hajui, labda baada ya wiki mbili. Wiki mbili, maua ya mama yangekuwa majivu.

"Ondoa wasiwasi," nilimwambia. "Leo utashusha."

Mama katibu akabonyeza Anza. Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Majina yakaanza kupita, na dirisha likawa hai, unalisogeza linasogea, unaligusa linaitika. Nilitaka kulia kwa furaha. Watu wakasogea kwenye dirisha la ofisi kuona, na mmoja aliyesimama karibu akaanza kuyasoma majina kwa sauti. Nikasikia kutoka nyuma kabisa: "Nipo!"

Sikuwa nimelitarajia hilo. Kila jina lililopita, mwenyewe aliitikia. Wale wenye jina moja waliitikia kwa pamoja, kisha wakaangaliana vibaya. Mzee mjumbe akasimama kando ya kompyuta akawa anawahimiza wasiosikika: "Sema kwa nguvu, mashine ina kazi nyingi!" Nikawaeleza kwamba kompyuta haiwasikii. Mzee akaniuliza, kwa hiyo inaita watu bila kutaka majibu?

Likapita jina la mzee mmoja aliyezikwa mwezi uliopita. Kisha wote kwa pamoja: "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Mama katibu akainamisha kichwa, akanyoosha mkono, akabonyeza Sitisha.

"Mama katibu! Kwa nini umesitisha?"

"Fundi, marehemu ametajwa. Tuendelee na kazi tu kama si mtu?"

Mzee mjumbe akasoma dua. Tukaanza upya, kutoka jina la kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyoiandika: ukisitisha, umesitisha. Na kwa kuwa orodha ni ile ile, marehemu naye akatokea mahali pale pale. Tulimrehemu mara tatu asubuhi ile. Mara ya nne niliomba kwa unyenyekevu kwamba tumrehemu kazi ikiendelea, na baada ya mashauriano bodi ikakubali.

Nikadhani nimeshinda. Kumbe nilikuwa sijaona kitu. Akaingia mwanamke mmoja aliyetoka msibani, akapiga hodi, akamwamkia mama katibu. Mama katibu akabonyeza Sitisha, akageuka na kiti chake kizima, akaitikia. Habari za nyumbani, nzuri. Wa msibani wanaendeleaje, wanamshukuru Mungu. Na yule mgonjwa, na shamba, na nguruwe pori bado wanasumbua? Alipomaliza akabonyeza Anza. Jina la kwanza. Baada ya dakika kumi akaingia mwingine.

Nilikaa nimeshika meza kwa mikono miwili. "Mama katibu wangu," nilisema, "huna haja ya kuisimamisha. Ndiyo maana nimeweka mtu wa nyuma. Wewe unasalimia, yeye anaendelea. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya jana!"

Akaniangalia kwa huruma. "Wewe kwenu si Likunja? Mtu akipita shambani akakuamkia, unaendelea kulima?"

"Hapana."

"Unafanyaje?"

"Nasimamisha jembe."

"Sasa hili si jembe? Mgeni akiona linatembea huku namsalimia, atajua namfukuza. Haraka haraka haina baraka, fundi."

Ni kweli, kwetu jembe linasimama. Unaliegemea, unaitikia mpaka mwisho, ndipo unalima. Nimelelewa hivyo. Lakini siku ile nilikuwa na dereva anayeangalia saa, na wanachama wa vijiji saba, kila mmoja akiona ni vibaya kupita ofisini bila kumwamkia katibu. Saa saba mchana nikafanya ujanja, nikakificha kitufe cha Sitisha. Mgeni alipoingia, mama katibu alikitafuta, hakukiona. Aliifunga kompyuta kama mtu anavyofunga kitabu. Ikalala. Nikatoka nje nikaenda kuupiga teke ukuta wa ghala, nikaumia kidole.

Siku ya pili ikaisha hivyo, bila orodha, na jioni ofisi ikafungwa na kompyuta ndani, maana kwa sheria ya chama kompyuta na orodha havitoki nje. Dereva alilala ndani ya lori. Mama alipiga tena na sikupokea, maana ningemwambia nini? Salfa yako iko hapa, naiona kwa macho, ila watu wanasalimiana?

Asubuhi ya siku ya tatu nilikubali kwamba dunia haitabadilika na programu ndiyo itakayobadilika. Mahali pa Sitisha nikaweka Pumzika. Ukibonyeza, mtu wa nyuma anamaliza jina alilonalo, anaweka alama, anakaa. Ukibonyeza Endelea, anaanzia alipoishia. Kuandika hilo kulinichukua mpaka karibu adhuhuri, kwa sababu mtu wa nyuma alikuwa akipumzika hasikii kuitwa tena. Tulipoanza, jua lilikuwa limeshapinda na dereva ameshafunga turubai.

Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunakwenda mbele. Polepole, kwa kusimama kila mgeni, lakini mbele. Nusu. Robo tatu. Mzee mjumbe alikuwa ameacha kuhimiza watu na sasa alikuwa anatangaza maendeleo mlangoni. Dereva akaja akasimama kizingitini. "Jamani mimi naondoka. Nawasha gari lipate moto, likipata moto sina tena mjadala." Akaenda. Tukasikia injini ikinguruma, moshi ukaingia ofisini. Kwenye mstari palibaki kipande cha upana wa kidole. Majina kama mia mbili hivi, dakika tatu au nne kama hakuna atakayekuja.

"Hodi."

Sauti hiyo naijua kuliko yangu. Mama alikuwa mlangoni, amejifunga khanga mbili, vumbi mpaka magotini, anatabasamu. Mkono wa mama katibu ukaondoka mezani kuelekea kwenye mausi. Na mama akaanza kuvuta pumzi ya kuamkia. Namjua mama yangu. Salamu yake inaanzia kwa wazima, inapita kwa wagonjwa, inafika kwa mbuzi, na akikutana na mtu wa umri wa mama katibu anahamia Kimwera na kuanza mwanzo.

"Mama, usisalimie!" nilipiga kelele. "Toka nje kwanza!"

Mkono wa mama katibu ulibaki hewani. Mzee mjumbe akaketi. Mama alinitazama mara moja, akajitanda khanga vizuri, akatoka. Mstari wa kijani ukaendelea kutembea bila kusumbuliwa na mtu, ukafika mwisho. Orodha ikatoka. Nikaichapa, nikakimbia nayo mpaka kwa dereva, akaikagua, akazima injini, akafungua turubai. Hakuna aliyeshangilia. Aliyekuwa karibu nami alisogea pembeni kama mtu aliyeona nyoka.

Ugawaji kwenye chama kile unafuata orodha, jina kwa jina, wala hauruki mtu. Waliweka utaratibu huo baada ya ugomvi wa mwaka uliopita na wanaushika kama sala. Mama katibu alianza kuita. Wa kwanza akaja, akachukua. Wa pili, wa tatu. Kisha akaita jina la mama.

Mama alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha ghala. Hakuinuka.

Mama katibu akaita tena kwa sauti ile ile ya upole. Mama akasema, si kwa nguvu, lakini wote walisikia: "Mimi nimekuja tangu saa ile na mwanangu hajaniamkia. Nitapokeaje kitu?"

Basi. Watu wote mia na zaidi wakageuka kunitazama. Nyuma ya mama foleni nzima ilikuwa imesimama, na dereva alikuwa juu ya lori ameshika mfuko wa mama mkononi, hajui autupe au aurudishe. Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye kokoto mbele yake, na lile shati langu lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alitazama mikono yake. Nikahesabu pumzi zangu. Nyuma yangu dereva akauliza kama kuna tatizo, na mtu mmoja akamjibu kwa kunong'ona: "Subiri, anafanya kazi ndani." Mtu akacheka, akanyamazishwa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Marahaba," mama akasema mwishowe. "Umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Umelala wapi?"

"Gesti."

"Gesti ya Nachingwea?"

"Ya hapa, mama. Ruangwa."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Leo ya tatu."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepokea habari ya kawaida ya shamba. "Na kutoka hapa mpaka Likunja barabara imekatika?"

"Haijakatika, mama. Nisamehe."

"Umekula?"

Nikatikisa kichwa kwamba sijala. Mama akanishika bega, akaliegemea, akainuka. Akaenda kwenye lori, akatia dole gumba kwenye orodha, akauangalia mfuko wake ukishushwa, mkavu, mzima, kwa wakati. Kisha akanigeukia na kunionyesha kwa kidevu niubebe.

"Salfa angekuja kuichukua mjomba wako, kama miaka yote," alisema. "Mimi nilikuja kukuona wewe."